Kihisi cha Muda kwa Bei ya Debe Tano za Mahindi: Tulivyoitengenezea Shule ya Watoto Wetu Saa ya Fizikia



Wengi mmezoea nikiandika hapa kuhusu viwavijeshi vamizi, nafasi za kupandia mahindi, au namna ya kuanika mpunga ili usikatike mashineni. Leo naomba mnivumilie. Nataka kuwaeleza kuhusu kifaa cha kupima muda kwenye majaribio ya fizikia, ambacho tulikitengeneza hapa Misunkumilo kwa vitu ambavyo baadhi vilikuwa vimeshatupwa. Najua mtu atauliza: bwana shamba ameingiaje darasani? Swali hilo niliulizwa hata kwenye kikao cha kata, na jibu langu ni lile lile. Watoto wanaosoma pale ni wa kwenu, michango inayotolewa pale ni ya mahindi na mpunga wenu, na jambo lenyewe ni la kupima. Kupima ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Asiyepima hupimiwa

Hakuna mkulima wa Katavi asiyeijua lumbesa. Gunia linajazwa, linashindiliwa, kisha linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Sheria hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo kwa ajili hiyo, lakini mkulima asiye na mizani nyumbani hana cha kusema mnunuzi anapofika na gari lake. Anaona kabisa kuwa gunia limezidi. Anajua moyoni. Lakini kuona na kujua moyoni havishindi namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mwenzake.

Nimeona wakulima wa Kakese na Mwamkulu wakibadilika siku ile ile waliponunua mizani ya pamoja. Hawakuwa wamepata elimu mpya ya biashara. Walipata namba yao wenyewe, na mazungumzo na mnunuzi yakawa ya watu wawili.

Shikilia wazo hilo, kwa sababu darasani ni hivyo hivyo. Mtoto asiyepima chochote kwa mkono wake hupokea kila namba kama ilivyo. Anaambiwa kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde inayopita, anaiandika, anaikariri, anaisahau. Kisha anakuja nyumbani kukuambia fizikia ni ngumu.

Ilivyoanza

Jirani yangu mmoja analima ekari nne za mahindi na karanga. Binti yake alikuwa anamaliza kidato cha pili, na ulikuwa umekaribia wakati wa kuchagua masomo ya kuendelea nayo kidato cha tatu. Binti alitaka sayansi ili aje asomee utabibu. Baba alikataa. Msimlaumu haraka, maana hoja yake ilikuwa na uzito. Aliniambia, "Bwana shamba, nimeangalia alama zake. Kemia anajitahidi, baiolojia anaweza, ila fizikia inamwangusha kila muhula. Sasa akiibeba mpaka kidato cha nne, si itamshushia daraja zima? Bora aiache mapema."

Nilimjibu kuwa kozi nyingi za afya huuliza fizikia kwenye cheti cha kidato cha nne. Akiiacha sasa, mlango huo anaufunga akiwa na miaka kumi na tano. Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Basi nisaidie nielewe kwa nini haipati."

Nilienda shuleni kuuliza. Sitaitaja shule, kwa sababu hali niliyoikuta ipo shule nyingi na walimu wake wanajituma. Mwalimu wa fizikia alinionyesha kabati la maabara. Kulikuwa na rula za mita, springi chache, lenzi, na saa mbili za kusimamisha kwa kidole, moja ikiwa haina betri. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya hamsini. Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne kuna karatasi ya vitendo, na jaribio la kitu kinachobembea kwenye uzi ni la kawaida kabisa. Kwa saa moja, watoto watano wanapima na wengine wote wananakili.

Mwalimu hakulalamika. Aliuliza tu, "Si wewe ndiye uliyekuwa na kile kibodi cha kupima unyevu wa udongo?"

Kweli nilikuwa nacho. Nilikinunua kwa fedha yangu kujaribia kwenye kitalu cha nyanya. Ni kibodi kidogo cha kompyuta kiitwacho Arduino, chenye upana wa vidole viwili. Asili yake ni mji wa Ivrea, Italia, ambako mwaka 2005 walimu wa chuo walitaka wanafunzi wapate kitu cha bei rahisi cha kujifunzia umeme na programu. Michoro yake waliiacha wazi, ndiyo maana leo inatengenezwa na viwanda vingi na bei imeshuka.

Tukaamua kujaribu watatu: mwalimu, mimi, na fundi redio mmoja wa mjini Mpanda.

Kwa nini kidole hakitoshi

Kabla sijaeleza kifaa, fanya jaribio hili nyumbani na mtoto wako. Huhitaji umeme wala fedha.

Chukua rula ya sentimita 30. Ishike juu ikining'inia. Mtoto aweke kidole gumba na cha shahada chini, kwenye alama ya sifuri, bila kuigusa. Iachie bila kumwambia. Aidake haraka awezavyo, kisha soma amedaka kwenye sentimita ngapi. Watu wengi hudaka karibu na sentimita 20. Kwa hesabu ya kitu kinachoanguka, sentimita 20 ni sawa na sehemu mbili za kumi za sekunde. Huo ndio muda ambao jicho linaona, ubongo unaamua na kidole kinatii. Hakuna mtu asiyeuhitaji.

Sasa fikiria unapima nati inayoanguka kutoka urefu wa mita moja. Inachukua sekunde 0.45 hivi kufika chini. Kama kidole chako kinaweza kukosea kwa sekunde 0.2, kosa limekaribia nusu ya kile unachokipima. Ni kama mizani inayokosea kilo 45 kwenye gunia la kilo 100. Ungeikubali?

Kitu kinachobembea kina nafuu, na hapa kuna ujanja ambao kila mwanafunzi anapaswa kuushika. Usipime mbembeo mmoja. Pima mbembeo ishirini, kisha gawanya kwa ishirini. Kosa lile lile la sekunde 0.2 linagawanyika pia, linabaki sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndiyo maana mtihani husema pima mingi. Watoto wengi hufanya hivyo kwa kuwa wameambiwa, bila kujua sababu.

Kihisi cha muda kinaondoa kidole kabisa. Mwanga unapita, kitu kinaukata mwanga, saa inaanza yenyewe. Kitu kikiukata tena, saa inasimama. (Kwa wale watakaouliza: hii haihusiani na sensa ya watu ya mwaka 2022. Kihisi ni kifaa kinachohisi, kama ngozi inavyohisi joto.)

Vifaa na bei tulizolipa

1. Kibodi cha Arduino Nano pamoja na waya wake wa USB: shilingi 22,000.
2. Skrini ndogo ya kuonyesha namba: shilingi 12,000.
3. Nauli ya mzigo kwa basi kutoka Dar es Salaam: shilingi 5,000.
4. Rizista, nyaya na risasi ya kulehemu: shilingi 4,000.
5. Ufundi: shilingi 5,000.
6. Taa ya mwanga usioonekana na kipokea mwanga chake: bure.

Jumla ni shilingi 48,000. Kwa bei ya mahindi ya msimu ule ilikuwa kama debe tano. Bei hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza.

Namba 6 ndiyo siri ya fundi wetu. Mausi za zamani za kompyuta, zile zenye mpira chini, zina vijigurudumu viwili vyenye nafasi nafasi. Kila kijigurudumu kinakaa kati ya taa ndogo na kipokea mwanga. Gurudumu likizunguka, mwanga unakatika na kurudi, na kompyuta inahesabu. Maana yake kihisi tunachokitaka kimeshatengenezwa tayari. Vipo pia ndani ya printa na mashine za fotokopi zilizokufa, kwenye sehemu inayotambua karatasi. Zunguka kwenye maduka ya stationeri ya mjini, waulize wana makorokoro gani stoo. Sisi tulipewa mausi sita na wakatushukuru kwa kuwapunguzia takataka.

Kuna kihisi kingine kiitwacho LDR, kinachopatikana kwenye taa za nje zinazojiwasha giza likiingia. Kinafaa kwa kitu kinachobembea taratibu, ila ni kizito kuhisi. Kwa kitu kinachoanguka kitachelewa na kukupa namba ya uongo. Kile cha mausi kina wepesi wa kutosha kazi zote mbili.

Namna ya kukiunda

Kwanza, fundi atoe taa na kipokea mwanga kwa uangalifu, bila kuvichoma sana. Mwanga wa taa hii hauonekani kwa macho. Kujua kama inawaka, itazame kwa kamera ya simu: nyingi, hasa kamera ya mbele, huonyesha kijinga cha rangi ya zambarau. Ni mwanga wa aina ile ile ya rimoti ya televisheni.

Pili, taa iunganishwe na volti 5 za kibodi kupitia rizista ya ohm 220. Usiiunganishe moja kwa moja, itaungua. Kipokea mwanga kiunganishwe na rizista ya ohm 10,000, na sehemu wanapokutana ipelekwe kwenye mguu wa kusomea wa kibodi. Mwanga ukifika, volti inakuwa ya aina moja. Ukikatika, inakuwa ya aina nyingine. Kibodi kinaangalia badiliko hilo tu. Vipokea mwanga vya mausi vingi vina miguu mitatu, kwa hiyo fundi avipime kwa mita kabla ya kuunga.

Tatu, tengeneza fremu ya mbao kama lango dogo, miguu ikiachana kama sentimita 6. Taa mguu huu, kipokezi mguu ule, vitazamane sawasawa. Kipokezi kiingize ndani ya kipande cha mrija wa kalamu uliozungushiwa gundi nyeusi ya umeme. Hatua hii usiiruke. Maabara za kwetu zina madirisha makubwa, na jua la saa sita likiingia kwenye kipokezi, lango halitaona tofauti kitu kikipita.

Nne, programu. Mwalimu wa TEHAMA aliandika mistari isiyozidi thelathini. Maana yake kwa Kiswahili ni hii: mwanga ukikatika mara ya kwanza, soma saa, ukikatika mara ya tatu, soma saa tena, toa, kisha andika jibu kwenye skrini. Kwa nini mara ya tatu? Kwa sababu kitu kinachobembea hupita langoni kikienda, hupita tena kikirudi, na kinapopita mara ya tatu kikielekea kule kule ndipo mbembeo mmoja umekamilika. Moyo wa kibodi hupiga mara milioni 16 kwa sekunde, na saa yake husoma kwa hatua za sehemu 4 za milioni za sekunde. Kidole cha nani kitaweza hayo?

Tano, umeme. Chaja ya simu ya volti 5 inatosha. Pawabanki nazo zinafaa, ila baadhi hujizima zenyewe zikiona umeme unaotumika ni mdogo. Ijaribu mapema, isije ikazima katikati ya jaribio.

Sita, kitu cha kubembea. Tuliazima timazi ya fundi mwashi. Ni nzito, ni ya duara, na haiyumbishwi na upepo wa dirishani. Uzi uwe usiovutika. Uzi wa kushonea viatu ni mzuri, mshipi wa kuvulia huvutika. Pima urefu kutoka pale uzi ulipofungwa hadi katikati ya timazi, usiishie kwenye fundo. Ukivuta pembeni, vuta sentimita 5 tu kwa uzi wa mita moja. Ukivuta sana, muda unarefuka kidogo na hesabu ya kitabuni haitakubaliana nawe.

Tahadhari mbili. Mashine yoyote mnayoifungua iwe imechomolewa kwenye umeme, na printa iachwe kwanza ipoe. Na kama mtatumia ile tochi ya leza ya sokoni badala ya taa ya mausi, isielekezwe kwenye macho ya mtoto hata kwa utani.

Siku wazazi walipokuja

Kikao cha wazazi kilipoitishwa, mkuu wa shule alituruhusu kuonyesha. Tulifunga malango mawili, moja juu ya jingine kwa mita moja, tukaachia nati. Kando tukaweka wazazi kumi na simu zao, kila mmoja akibonyeza saa ya simu yake kwa kidole. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alijitapa kuwa yeye ana kidole cha risasi.

Nati ikaachiwa mara tatu. Majibu ya wazazi yalianzia sekunde 0.3 hadi karibu 0.8, na mzee wa kidole cha risasi hakupata jibu moja mara mbili. Skrini ya kifaa ilibadilika kwa sehemu moja ya mia tu, ikikaa kwenye 0.44 na 0.45. Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Mama mmoja muuza dagaa akasema kwa sauti, "Kumbe ndiyo maana mizani ya saa ya mkono na ya kidijitali hazikubaliani." Hakuwa mbali na ukweli.

Baadaye watoto walipima timazi. Uzi wa mita moja ulitoa sekunde 2.009 na 2.010. Wakakata uzi ukawa robo, sentimita 25, na muda ukawa nusu, sekunde moja na kidogo. Urefu robo, muda nusu. Hiyo ni kanuni ya kitabuni, lakini pale iliandikwa na mtoto kwenye daftari lake kabla mwalimu hajaisema.

Yule binti wa jirani yangu alikokotoa. Alipata 9.77 mara moja na 9.78 mara nyingine. Akarudia. Kisha akainua mkono: "Samahani mwalimu, kitabu kinasema 9.8. Sisi tumekosea wapi?"

Mwalimu alimwambia wapime uzi upya kwanza, kwa sababu milimita moja inatosha kubadilisha namba ya mwisho. Wakapima. Jibu likabaki pale pale. Ndipo akawaeleza kuwa 9.8 ni namba iliyofupishwa. Dunia inazunguka na imetuna kidogo katikati, kwa hiyo mvuto kwenye ncha zake ni kama 9.83 na kwenye ikweta ni kama 9.78. Mpanda ipo nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta, na juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000, na ukipanda juu mvuto hupungua kidogo tena. Hawakuwa wamekosea. Walikuwa wameipima Mpanda.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu siku ile. Wiki iliyofuata fomu ya masomo ilirudi shuleni ikiwa na fizikia ndani, na sahihi yake chini.

Sitaki kukudanganya kuwa kifaa cha shilingi 48,000 kimemaliza kila kitu. Mtihani wa taifa bado hajaufanya. Alama zake zimepanda kidogo, hazijaruka. Hesabu bado zinamsumbua, na taa ya kusomea nyumbani ni moja kwa watoto wanne. Ninachoweza kusema ni kwamba sasa akishindwa swali anauliza limeshindikana wapi. Zamani alikuwa anasema tu kuwa yeye si wa fizikia.

Kijana wa Magamba

Wapo watakaosema mambo ya sayansi ni ya wenzetu wa mbali. Niwakumbushe habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Si Magamba yetu ya hapa Mpanda, ni ile ya Lushoto, Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa na sukari, wanayaacha yapoe, kisha wanayaweka kwenye friji. Mpemba, akihofia nafasi kuisha, aliweka yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa.

Alipouliza darasani aliambiwa amechanganyikiwa, na akataniwa. Hakuacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, naye akamuuliza swali lile lile mbele ya wenzake. Wakacheka tena. Lakini Osborne alirudi chuoni, akaagiza lipimwe. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja katika jarida la kufundishia fizikia la Uingereza, na jambo hilo duniani kote likaitwa kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe alikuja kuwa mtumishi wa wanyamapori.

Wanasayansi bado wanabishana kulihusu. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, waliandika kuwa matokeo mengi ya aina hiyo yanaweza kutokana na mahali kipimajoto kilipowekwa, na kwamba tofauti ya sentimita moja tu inaweza kukupotosha. Yaani miaka zaidi ya hamsini baadaye, ubishi wenyewe ni wa namna ya kupima. Lakini ona hili: swali la kijana wa aiskrimu lilichekwa mpaka lilipowekewa saa na kipimajoto. Baada ya hapo hakuna aliyecheka, hata wale wasiokubaliana nalo.

Na shambani je?

Usiseme nimekupotezea muda bure. Saa hiyo hiyo ina kazi kwako.

Unapopulizia kiuatilifu kwa bomba la mgongoni, dawa inayofika shambani inategemea mwendo wako. Pima mita 50, jaza maji matupu, pulizia huku ukitembea, na mtu akupimie muda. Tuseme mwendo wako sahihi ni sekunde 50. Siku una haraka ukapita kwa sekunde 40, umepunguza dawa kwa asilimia 20, na wadudu watakaobaki ndio wanaozoea sumu. Ukijivuta kwa sekunde 60, umeongeza asilimia 20, umetupa fedha na kulisha watu sumu.

Pampu ya maji nayo: weka ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 10, pampu inatoa lita 2 kwa sekunde, yaani lita 7,200 kwa saa. Muuzaji akikuambia inatoa zaidi, unayo namba yako.

Unachoweza kufanya wewe

Kama wewe ni mzazi, kwenye kikao kijacho usiulize tu mchango ni kiasi gani. Uliza darasa la mtoto wako lina saa ngapi za maabara, na zinafanya kazi ngapi. Mkilima kwa kikundi, debe tano kutoka kwa watu kumi ni nusu debe kila mmoja.

Kama wewe ni mfanyabiashara na una printa, mausi au simu mbovu stoo, usizichome moto. Moshi wake ni sumu, na ndani yake kuna vifaa. Zipeleke shuleni au kwa fundi redio.

Kama shule haina hata uwezo huo, na mwalimu ana simu janja, kuna programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani. Ina saa inayoanza kwa sauti na kusimama kwa sauti. Weka nati kwenye ukingo wa rula, igonge rula itoke: sauti ya kugonga inaanzisha saa, na sauti ya nati kutua kwenye sufuria inaisimamisha. Uwe na ukimya tu, maana jogoo akiwika naye atahesabiwa.

Na kama wewe ni mwalimu, tafuta vitabu vya Shika na Mikono vya Peace Corps Tanzania. Vina majaribio mengi ya sayansi kwa vifaa vya mtaani.

Mchoro wa nyaya na programu yetu vipo kwangu ofisini kata, havina gharama. Njoo na fundi wako na mausi yako moja mbovu. Siku ya Jumatano huwa nipo hadi saa tisa alasiri, kabla sijaenda mashambani.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mahindi: namna ya kujua yamekauka vya kutosha kabla ya kuyaweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Kazi njema.

Bwana shamba wenu,
Misunkumilo